Kisigino cha Nesi

Supu ilikuwa safi.

Daktari wa sumu alilitamka hilo akiwa amempa Inspekta mgongo, anakoroga chai yake kwa kijiti cha kioo. Inspekta alikitazama kile kijiti, akazitazama chupa zilizojaa rafuni kuanzia sakafuni mpaka darini, akamwomba Mungu kiwe kimeoshwa.

"Safi kiasi gani?"

"Kiasi cha kunywewa. Kuku, kitunguu, chumvi. Chumvi imezidi kidogo, lakini kwa hilo hatumpeleki mtu mahakamani."

"Basi mke wa fundi viatu hana hatia!" Inspekta alikwisha simama, funguo za gari mkononi.

"Keti, mwanangu. Sijasema yeye hana hatia. Nimesema supu haina hatia."

Inspekta akaketi, lakini kwenye ukingo tu wa kiti. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka, na kituoni walimwita Kupe kwa sababu akishang'ata haachii. Tangu jana alikuwa ameling'ang'ania jambo hili kwa meno yote, na lilikuwa linamponyoka.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Fundi viatu mmoja, mtu wa miaka arobaini na hodari wa kazi, alianza kuugua mara tu mvua zilipoanza. Kila ikifika jioni jasho linamtoka, mate yanamjaa, tumbo linamkata, macho yanaona ukungu. Wiki ya tatu akaanguka. Hospitali wakamlaza, wakamtibu, na siku ya nne alikuwa anataniana na manesi. Siku ya tano, yaani jana, mkewe akamletea supu kwenye thamosi. Haikupita saa mbili fundi akazimia, povu mdomoni, na sasa alikuwa anapumuliwa na mashine.

Madaktari wakasema ni sumu. Baba wa fundi, mzee mjane anayeishi nyumba moja na mwanawe, akasema ni mkwe wake. Alisimama katikati ya kituo cha polisi akapiga kaunta kwa ngumi. "Kikulacho ki nguoni mwako! Naapa mbele yenu wote, chakula cha mwanamke huyu hakitapita tena mdomoni mwangu mpaka nazikwa!" Mke wa fundi akalala mahabusu. Na Mkuu wa kituo, mtu asiyependa faili lilale mezani kwake, alikuwa ameshaamua: saa nane mchana mwanamke anapandishwa kizimbani kwa kujaribu kuua. Fundi akikata roho kabla ya hapo, neno "kujaribu" litafutwa.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi.

"Hebu nieleze kama unavyomweleza mtoto," alisema Inspekta. "Sumu gani?"

"Hiyo najua. Ni jamii ya dawa za kuulia wadudu, damu yake inasema wazi." Daktari akaketi hatimaye. Alikuwa mzee mwembamba, koti jeupe limemzidi mabega, na akianza kuzungumza habari za sumu macho yalimchangamka utadhani anasimulia harusi ya mwanawe. "Mwilini mna mtumishi ambaye kazi yake ni kuzima taa. Mshipa wa fahamu ukishauamuru msuli ufanye kazi, yeye anapita nyuma anazima. Sumu hii inamfunga mikono. Basi kila kitu kinabaki kimewaka! Mate, jasho, machozi, tumbo, mpaka misuli ya kupumua inachoka, inaacha. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano."

"Nimeziona. Ninachotaka ni kujua aliipataje."

"Ahaa! Sasa ndiyo unauliza swali." Daktari aligeuza bahasha kuukuu, akachora mtu mwenye kichwa kikubwa na miguu ya njiti. "Sumu ni mwizi. Awe hodari vipi, lazima apite mahali. Mlango wa kwanza, mdomo. Wa pili, pua. Wa tatu, ngozi. Huu watu wanausahau, na dawa hizi zina mafuta, zinapenya ngozi huku unaangalia. Wa nne ni wa kulazimisha: sindano, kidonda, jino la nyoka."

"Sindano hakuna. Mwili wake wote umekaguliwa. Pua je? Kibanda chake kinanuka gundi mpaka barabarani."

"Gundi uliyoniletea nimeipima. Gundi inalevya. Ukiivuta sana utacheka na ukuta, lakini mboni zako hazitakuwa ncha za sindano. Umenipotezea saa mbili, mwanangu."

"Samahani, daktari."

"Usiombe samahani, leta kitu kingine! Na kumbuka, mlango peke yake hausemi yote. Uliza kiasi gani, na kwa muda gani. Chumvi yenyewe, ukila kikombe kizima tutakuzika. Huyu mtu hakupewa donge moja. Amepewa kidogo kidogo, wiki tatu, na yule mtumishi wa kuzima taa akifungwa hafunguki upesi. Kwa hiyo jana ndoo ilikuwa bado imejaa. Kilichomwangusha ni matone machache tu."

Inspekta alikuwa anafungua daftari lake. Alikuwa na maelezo ya mke wa fundi, kurasa nne, na alikwisha yasoma mara tano. "Hapa. Mkewe anasema Jumapili mumewe huwa mzima. Anakula sahani mbili, analala, anaamka mzima. Jumatatu jioni anaanza upya. Na baba mtu wanakula chungu kimoja, mbona yeye haumwi? Sasa, mwanamke gani anamwekea mumewe sumu siku sita, halafu ya saba anapumzika?"

"Mcha Mungu," alisema Sajini kutoka mlangoni.

Sajini ndiye aliyekuwa dereva na mwandishi wa Inspekta, mtu mkubwa wa mwili ambaye viti vya maabara vilimkataa, kwa hiyo alisimama. Inspekta alimkata jicho. Daktari alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye bahasha.

"Siku sita anafanya kitu, ya saba anakiacha," alisema Daktari akifuta macho. "Ni nini hicho?"

"Kazi!" Inspekta alipiga paja. "Ni kazini, daktari! Sumu iko kwenye kibanda!"

"Vizuri sana. Na mara ya pili ameangukia wapi?"

Inspekta akalifunga daftari. Furaha yote ilimwishia miguuni. "Kitandani," alisema. "Hospitalini."

"Na kitandani hakuna kazi," alisema Daktari, akampa bahasha yake yenye doa la chai.

*

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na kile cha fundi, cha tano kutoka dirishani, kilikuwa kimetandikwa shuka jipya. Kitanda cha sita alilala mpaka rangi mmoja aliyeanguka na ngazi yake. Mguu wake wenye plasta ulining'inizwa juu, na mdomo wake haukuwa umevunjika hata kidogo.

"Afande, mimi ni mtu wa kwanza kusikia," alisema kabla hajaulizwa. "Alikuwa mzima, anacheka, mara nikasikia puu, kwisha!"

"Alikuwa amemaliza supu?"

Mpaka rangi akatazama dari. "Supu... ndiyo. Iliisha."

"Nimekuuliza kama yeye aliimaliza."

"Afande, nikisema kweli utanifunga?"

"Usiposema nitakufunga na huo mguu ukiwa juu."

"Mimi ndiye niliyekunywa," alisema mpaka rangi kwa sauti ndogo. "Vikombe viwili. Yeye alikunywa nusu, akasema hana njaa, ana shughuli. Harufu ile, Afande! Siku tisa nakula uji wa maziwa usio na sukari, ungefanya nini? Waliposema supu ina sumu nililala macho nasubiri kufa. Nikasema nikifa, angalau nimeshiba."

"Kikombe kilekile?"

"Kilekile. Hata sikukisuuza."

Inspekta alimshika mkono akautikisa kwa nguvu mpaka plasta ikayumba. Hapo tena Mkuu wa kituo hakuwa na la kusema. Supu ya thamosi moja, kikombe kimoja, watu wawili, na aliyekunywa zaidi alikuwa hapa anaongea kama redio. Lakini bado kulikuwa na mtu kwenye mashine.

"Umesema alikuwa na shughuli. Shughuli gani, mgonjwa yuko kitandani?"

"Sijui. Alivuta lile pazia. Nilisikia tu ngo, ngo, ngo. Nikadhani wanatengeneza dirisha."

"Mgonjwa, pumzika!"

Sauti ilitoka nyuma yao. Nesi wa zamu, msichana mrefu mwenye sare iliyokazwa kwa wanga, alikuwa amefika na sinia la dawa, na kwa haraka aliyokuwa nayo kopo la pamba lilimdondoka. Akageuka, akachuchumaa kuliokota. Nyayo za viatu vyake zikaelekea kwa Inspekta.

Viatu vilikuwa vyeupe, vya kazi, vimechakaa. Lakini kisigino cha kushoto kilizungushiwa misumari midogo kumi na moja, imepangwa kwa nafasi sawasawa, inang'aa.

"Kiatu kizuri," alisema Inspekta. "Nani amekitengeneza?"

"Ah, huko tu, mtaani."

"Lini?"

"Siku nyingi kidogo."

"Siku nyingi? Sakafu hii inapigwa maji asubuhi na jioni, nimeona ndoo hapo mlangoni. Misumari ya siku nyingi ingekuwa imeshafifia. Hii bado inawaka." Inspekta alisogea karibu, akashusha sauti ili vitanda vingine visisikie. "Dada yangu, mimi sikuja kukufukuzisha kazi. Kuna mwanamke amefungiwa, saa nane anakwenda mahakamani, na kosa lake ni kuchemsha kuku. Ni nani aliyekuwa anagonga nyuma ya pazia?"

Nesi alitupa jicho mlangoni. "Matroni atanila nyama."

"Matroni niachie mimi."

Wakaingia chumba cha shuka. Nesi alipandisha mkono juu ya rafu ya mwisho, nyuma ya mablanketi, akatoa mfuko wa turubai. Ndani yake mlikuwa na nyundo fupi, kisu cha soli, kipande cha mpira, na pakiti ya gazeti iliyosokotwa kama ya karanga.

"Alinisumbua siku mbili," alisema Nesi, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Eti, nesi, mikono inaniwasha, mtu mzima anakaaje bure? Kisigino changu kilikuwa kimebanduka. Akamwagiza mkewe amletee vifaa katikati ya nguo. Akanitengenezea mimi, wenzangu wakasikia wakaleta na wao. Jozi tatu! Alikuwa na furaha, Afande, mngemwona. Alipoanguka nikauficha mfuko. Nikasema, sumu si iko kwenye supu? Nyundo ina uhusiano gani?"

Inspekta alifungua daftari kwa vidole vilivyokuwa na haraka kuliko macho. Ukurasa wa tatu, maneno ya mke wa fundi: *Nilimpelekea supu pamoja na mfuko wa vitu vyake.* Vitu vyake! Mara tano amesoma, na mara tano akaona sabuni na taulo. Alitamani kujizaba kibao.

"Alipoanguka ulifanya nini kwanza?"

"Nilimsafisha mdomo ili apumue. Nilikuwa na glovu. Nikatoa misumari."

"Nini?"

"Misumari, mdomoni. Kama mitano. Si unajua mafundi viatu wanavyofanya? Wanaishika kwa midomo ili mikono iwe huru."

Chumba cha shuka kilikuwa kidogo na Sajini alikijaza nusu, lakini Inspekta alipata nafasi ya kuruka. Aliruka kweli, miguu yote miwili.

"Sajini! Tangu jana tunauliza amekula nini, amekunywa nini! Nani aliuliza ameweka nini mdomoni?"

Alivaa glovu, akaifungua pakiti kwa ncha za vidole. Misumari ilikuwa na utelezi wa mafuta. Harufu ikampiga: kama mafuta ya taa, na chini yake kitu kibaya, kitunguu saumu kilichooza. Akampigia Daktari na kumsimulia kila kitu kwa pumzi moja.

Upande wa pili wa simu kikombe kilivunjika.

"Chini ya ulimi!" Daktari alipiga kelele. "Mwanangu, chini ya ulimi! Huko ngozi ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Kitu kinaingia damuni moja kwa moja, hakipiti tumboni, hakipiti kwenye ini kuchujwa! Wagonjwa wa moyo wanawekewa kidonge hapohapo kwa sababu hiyo. Na vidole vyake vinashika siku nzima, kwa hiyo milango miwili iko wazi! Mimi mjinga, nimechora mdomo nikaandika chakula tu. Usiguse kwa mkono mtupu! Hiyo ni pakiti tu, kopo lenyewe la misumari liko wapi?"

"Kibandani."

"Na kibandani kuna nani?"

Inspekta alimgeukia Sajini. Rangi ya uso wa Sajini ilikuwa imebadilika.

"Afande," alisema Sajini, "asubuhi nilipopita kuelekea kazini, baba yake mzee, aliyemfundisha kazi, alikuwa anafungua mlango. Alisema shule zinafunguliwa kesho, hawezi kuwaangusha wateja wa mwanawe."

Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Mzee alikuwa na misumari mdomoni tangu saa mbili.

*

Sajini aliendesha kwa namna ambayo, kwa raia, angeiandikia faini. Inspekta alishikilia mlango kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. Aliita gari la wagonjwa, akaita kituo, akaambiwa Mkuu yuko kwenye kikao.

"Mwambie atoke!"

"Amesema asisumbuliwe, Afande. Na yule mama wameshampakia kwenye gari la mahakama."

Kibanda cha fundi viatu kilikuwa chumba kimoja cha mabati kati ya duka la vipuri vya baiskeli na kinyozi. Viatu vilining'inia kwa kamba mpaka mlangoni: vya shule, vya kanisani na msikitini, ndara zilizokatika. Katikati, kwenye kigoda kilichokwisha chukua umbo la makalio ya vizazi viwili, mzee alikuwa ameketi, kiatu cha mtoto amekivisha kwenye mguu wa chuma wa kugongea viatu. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa, na katikati ya midomo vilichungulia vichwa vya misumari. Alichomoa mmoja, akagonga. Alichomoa mwingine, akagonga. Hakuangalia vidole vyake hata mara moja.

"Mzee, shikamoo. Tema hiyo misumari."

"Marahaba," alijibu mzee kwa pembe ya mdomo, misumari ikisogea pembeni yenyewe. "Mmeshampeleka mbele ya hakimu?"

"Baba, tema misumari! Ina sumu!"

Mzee alimtazama, kisha akacheka puani. "Misumari? Mkwe wangu amewalisha na ninyi? Miaka hamsini naweka misumari mdomoni. Nimemfundisha mwanangu hapa, kwenye kigoda hiki. Hii ndiyo kazi iliyomlea." Akainua nyundo. Nyundo ikashuka, ikakosa msumari, ikapiga kidole gumba. Yeye mwenyewe alishangaa. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola, na uzi wa mate ulimning'inia kidevuni bila yeye kujua. Mboni zake zilikuwa nukta mbili.

Sajini akasogea. Alikuwa na mikono ya kuweza kumfungua mtu taya kama sanduku, na kwa mhalifu yeyote angefanya hivyo. Lakini huyu alikuwa mzee wa watu, na misumari iko mdomoni, akishtuka ataimeza. Inspekta alimzuia kwa kiwiko. Akapiga magoti sakafuni, kwenye vipande vya soli na nyuzi, akanyoosha kiganja chenye glovu mpaka chini ya kidevu cha mzee.

"Baba yangu, nakuomba kama mtoto wako. Nikiwa nimekosea, utanitukana mbele ya mtaa mzima, nitanyamaza. Tema hapa mkononi mwangu."

Mzee alikitazama kile kiganja kwa muda. Kinyozi wa jirani na wateja wake wawili walikwisha fika mlangoni. Mzee akainama, akatema. Misumari saba, na mate mengi.

"Imebaki? Umeimeza mingine?"

"Fundi hamezi msumari," alisema mzee kwa hasira, kisha akajishika tumbo.

Wakamsukutua kwa maji, mara mbili, mara tatu, anatema nje. Inspekta alimsugua vidole kwa sabuni ya kinyozi kwa mkono mmoja, ule wenye misumari ameufumba, huku akiuliza, kwa maana gari la wagonjwa lingemchukua wakati wowote na saa ilikuwa inakimbia.

"Baba, kopo la misumari analijaza nani?"

"Mwanangu mwenyewe ananunua. Lakini mvua zikianza misumari inashika kutu. Vijana hawana subira ya mambo ya zamani. Nikalichukua kopo lake, nikaipaka mafuta mimi, kama baba yangu alivyonifundisha. Unatia kidogo, unatikisa, inakaa miaka." Alisema hivyo kwa fahari. "Nimemjazia makopo mawili."

"Mafuta gani?"

"Ya cherehani. Chupa ya kahawia, nyuma ya mlango."

Sajini akaufunga mlango nusu ili kuona nyuma yake. Palikuwa na rafu, na giza, na kwenye rafu hiyo chupa mbili za kahawia, ndugu pacha. Akazileta zote mbili amezishika shingo kwa kitambaa.

"Ipi?"

"Hiyo ya..." Mzee alizisogelea chupa kwa macho. "Hiyo nyingine ni dawa ya mchwa. Dumu lake lilikuwa linavuja, mwaka juzi, nikaimimina humo. Lakini niliiwekea alama! Nilifunga uzi mwekundu shingoni ili mtu asikosee. Ya cherehani ni ile isiyo na uzi."

Inspekta alizisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Moja ilikuwa na vumbi tangu juu mpaka chini, imejaa. Hakuna mkono uliokuwa umeigusa msimu huu. Nyingine ilikuwa imefutika vumbi pale vidole vinaposhika, na imepungua. Alipuliza shingo ya hiyo iliyopungua. Uzi ulikuwepo. Ulikuwa umefifia, umeshika rangi ya kahawia ileile ya chupa, mtu angeupapasa asingeuhisi. Lakini fundo lake lilikuwa zuri, dogo, limekazwa mara mbili na kutiwa nta.

Mzee alilitazama lile fundo. Hakuhitaji kuambiwa.

"Fundo hilo ni langu," alisema.

Kinyozi alivua kofia. Nje king'ora cha gari la wagonjwa kilikuwa kinakaribia, na mzee alimshika Inspekta mkono, mkono wenye glovu na mate na misumari.

"Mwanangu yuko hai?"

"Yuko hai, baba. Na sasa wanajua cha kufanya."

"Basi mfungulie yule binti. Niweke mimi mahali pake. Mimi ndiye niliyemlisha."

"Wewe unakwenda hospitali." Inspekta aliipiga simu ya Mkuu wa kituo kwa mara ya nne, na safari hii ikapokelewa.

"Kupe, una dakika ishirini," alisema Mkuu. "Una ushahidi au una hadithi?"

"Nina ushahidi kiganjani, Mkuu. Una mate. Nikuletee ofisini?"

*

Mke wa fundi aliachiwa saa nane kasoro dakika nne, kwenye benchi la korido ya mahakama. Hakulia. Aliuliza mumewe yuko wodi gani, akaenda kwa miguu kabla hawajamtafutia gari.

Siku ya tatu fundi akatolewa kwenye mashine. Koo lilikuwa limemkauka, na neno lake la kwanza kwa Inspekta lilikuwa kuuliza kama viatu vya shule vilichukuliwa. Daktari wa sumu alikuja mwenyewe, akamwomba Inspekta ile bahasha, akaongeza mstari kwenye mdomo wa yule mtu wa njiti, akawakusanya manesi akawafundisha wote, pamoja na yule mwenye kisigino, ambaye Matroni alimfokea nusu saa kisha akamwachia zamu yake.

Mzee alikuwa amelazwa kitanda cha tano. Dawa aliyopewa ilikuwa imemkausha ulimi, na mwili ulikuwa umetulia tangu jana, lakini hakuwa amekula kitu. Kila sinia lilirudi lilivyokuja.

"Anakataa hata uji," mpaka rangi alimnong'oneza Inspekta. "Na mimi sijaugusa, Afande, naapa. Siku hizi naogopa vya watu."

Inspekta alikuwa amekuja kuchukua sahihi moja tu. Alikuwa bado amesimama na kalamu mkononi wakati mke wa fundi alipoingia, gauni lilelile alilokamatwa nalo, limefuliwa, thamosi kwapani. Mzee alimwona, akageukia ukutani.

"Shikamoo, baba."

Mzee alijivutia shuka hadi shingoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. "Niliapa," alisema hatimaye, akiuambia ukuta. "Mbele ya watu wote. Niliapa."

"Nilisikia, baba. Nilikuwa palepale."

Akavuta stuli, akaketi. Alifungua thamosi, akamimina kwenye kikombe, akachota kijiko, akakipuliza. Akangoja. Kijiko kilikaa hewani muda mrefu na mkono wake haukushuka.

"Fungua mdomo, baba."

Mzee akageuka. Alimtazama yule mwanamke, akakitazama kijiko, akafungua mdomo kama mtoto, na supu ikapita.

"Chumvi imezidi," alisema huku analia, akafungua mdomo tena.